Chanjo Melini Huanza na Orodha ya Zamu

Hotuba kwa wahudumu wa afya wa majini wanaosubiri kupangiwa meli

Mkuu wa kozi, maafisa wenzangu wa tiba, na ninyi vijana mnaosubiri kupangiwa meli: habari za asubuhi.

Nimepewa saa moja nizungumzie uchanjaji wa meli nzima. Aliyeandaa ratiba aliniuliza kama ningehitaji ule mkono wa plastiki wa kufundishia na mabomba ya sindano. Nikamwambia aniletee ubao, chaki na vichupa viwili, ambavyo mnaviona kwenye meza ya nyuma na ambavyo naomba msiviguse kwa sasa. Kuchoma sindano mnajua, mmetahiniwa na mmefaulu. Ambacho hakuna aliyewafundisha ni kusoma orodha ya zamu. Katika miaka yangu yote ya baharini sijaona zoezi la chanjo likiharibikia kwenye sindano. Huharibikia kwenye orodha.

Chukueni hali hii. Meli inang'oa nanga Ijumaa. Jumatatu kamanda anakuita, anakwambia, "Tabibu, Alhamisi chanja wote, tulimalize." Nawe kwa mazoea mdomo unatangulia: "Ndiyo, afande." Hapo umeshaharibu. Umekubali kwamba Ijumaa alfajiri, kamba zinapofunguliwa gatini, meli nzima itakuwa ndani ya zile saa 24 ambazo mwili unaijibu chanjo. Huyu mkono hauinuki, yule kichwa kinamgonga, wa tatu kajikunja kitandani anatetemeka kwa homa. Wengi hawatapatwa na lolote, ni kweli. Lakini hujui nani atapatwa na nani hatapatwa. Nchi kavu mtu wa namna hiyo hulala siku moja, akarudi kazini. Melini, kama wanaoweza kuwasha jenereta ya pili ni wanne, na wote wanne umewachanja mchana mmoja, basi umecheza kamari na meli ambayo si yako.

Kwa hiyo naomba chaki. Nachora safu moja kwa kila idara: uongozaji wa meli, mashine, umeme, mawasiliano, silaha, jiko, helikopta. Chini ya kila idara naandika majina kwa ujuzi, siyo kwa cheo wala kwa alfabeti. Nani anaweza kufanya kazi ya nani? Nikishapata jozi hizo, sharti langu ni moja: watu wawili wanaoweza kushikiana nafasi hawachanjwi siku moja. Marubani hawaruki kwa muda baada ya chanjo, na wazamiaji nao hawashuki majini, kwa hiyo nusu yao nawapanga mwanzo na nusu mwisho. Ukimaliza kuchora utaona kwamba kazi ya siku moja imekuwa ya siku tatu au nne. Hizo siku nne ndizo utakazoziomba kwa kamanda, na utaziomba ukiwa na karatasi mkononi, maana kamanda anayesoma orodha ya zamu yake mwenyewe hahitaji elimu ya kinga ili akuelewe.

Niliwahi kuwasahau wapishi. Idara yao ilikuwa ndogo na majina yao yalikuwa chini kabisa ya ukurasa, nikawapanga wote mchana mmoja. Kesho yake watu zaidi ya mia walikula biskuti asubuhi, mchana na jioni. Nawahakikishia kwamba hakuna aliyenilaumu kwa lugha ya kitabibu.

Kamanda anaweza kukuuliza kwa nini umsumbue yote hayo, wakati vijana wake wana afya kuliko raia. Mpe mifano miwili ya mwaka 2020, kabla chanjo ya Covid-19 haijapatikana. Manowari ya Marekani ya kubebea ndege, USS Theodore Roosevelt, ilikuwa na watu 4,779. Walioambukizwa ni 1,271, zaidi ya robo, na mmoja alifariki. Meli ilikwama Guam. Ile ya Ufaransa, Charles de Gaulle, ilikuwa na watu wasiofika 1,800, na zaidi ya 1,000 walikutwa na virusi. Hao wote walikuwa vijana wenye afya. Lakini walikuwa wanalala kwenye vitanda vya ghorofa tatu, wakipishana kwenye ujia ambao mabega mawili hayatoshi, wakishika mikono ya ngazi ile ile. Afya ya kijana haiongezi upana wa ujia.

Kupanga watu kwa orodha si jambo nililolibuni mimi. Tarehe 30 Novemba 1803 iliondoka La Coruña, Hispania, meli iliyoitwa María Pita, ikiwa na daktari Francisco Javier de Balmis. Haikuwa manowari, lakini ilitumwa na mfalme. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo ya ndui ng'ambo ya Atlantiki. Jokofu halikuwepo. Majimaji ya chanjo yakikaushwa kwenye vioo yalipoteza nguvu kabla ya safari kwisha. Balmis akapakia watoto wa kiume 22 kutoka kituo cha yatima, pamoja na mlezi wao, Isabel Zendal. Kila baada ya siku tisa au kumi alichanja watoto wawili kwa majimaji yaliyotoka kwenye malengelenge ya wawili waliotangulia. Wawili, asije mmoja akashindwa na mnyororo ukakatika. Tena ilibidi wale waliokwisha kuchanjwa watengwe na ambao zamu yao haijafika, kwa sababu mtoto mmoja akijikuna na kumwambukiza mwenzake usingizini, hesabu yote ya safari inavurugika. Chanjo ilifika Karibi, ikaendelea bara, na baadaye Balmis akaivusha hadi Ufilipino kwa watoto wengine. Mnyororo wake baridi, yaani njia ya kuitunza chanjo isiharibike safarini, ulikuwa orodha ya majina.

Wale watoto hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Nitarudi hapo.

Hesabu ya Balmis ilihesabiwa kwa siku, na yenu ni vivyo hivyo, ila ninyi mnahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuingia bandari ya ugenini. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Kwa hiyo aliyechanjwa siku 9 kabla ya kuwasili anaweza kuzuiwa getini, na meli ikamsubiri au ikamwacha. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo msiwachome tena wazee wa meli kwa sababu tu kadi zao zina zaidi ya miaka kumi. Chanjo mbili za sindano zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, huchomwa siku moja, au huachanishwa kwa wiki nne. Ukikosa siku hiyo moja umepoteza mwezi. Ile ya homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na kwa baharia miezi sita maana yake meli mbili na pengine makamanda wawili. Dozi iliyochelewa haianzishwi upya. Endelea pale alipoishia. Nimekuta mabaharia waliochomwa dozi ya kwanza mara tatu kwa sababu kila zahanati ilikuwa inafungua daftari jipya.

Sasa nani hukosekana? Ni wale wale, meli hadi meli. Wa zamu ya usiku, ambao unapofungua meza saa tatu asubuhi ndiyo kwanza wamelala. Mafundi wa kiraia walioingia kwa wiki mbili na hawamo kwenye daftari la wafanyakazi. Kikosi cha helikopta, ambacho huingia siku ya mwisho. Aliyekuwa likizo. Na makanika, ambao hawatapanda sitaha tano kuja kusimama foleni wakiwa na mafuta mpaka viwiko. Hao wafuateni chini. Nilikuwa nabeba kasha la baridi na kisanduku cha kutupia sindano, nateremka ngazi baada ya ngazi hadi kwenye chumba cha kudhibitia mashine, nawachoma pale wakipokezana mbele ya saa zao za presha. Kila nilipofanya hivyo kasi ya kazi ilishuka na idadi ya waliochanjwa ikapanda. Linganisha orodha yako na orodha ya kulala, maana mtu anaweza kukosekana kwenye daftari lolote lakini lazima ana kitanda.

Jokofu. Hapa nitakaa kidogo.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mabaharia wanaogopa joto, na wana haki, kwa sababu meli ya chuma chini ya jua ni tanuri. Lakini kilichoniharibia chanjo nyingi zaidi ni baridi. Jokofu dogo la kawaida, lile lenye kijisehemu cha barafu juu, lina ukuta wa nyuma unaoshuka chini ya sifuri bila wewe kujua. Meli ikiyumba, visanduku vinateleza vinaegemea ule ukuta. Asubuhi kipimajoto kilichoning'inia katikati kinasoma nyuzi 4, unatabasamu, unaandika kwenye chati. Vichupa vya pepopunda na homa ya ini B vilivyolala nyuma vimeganda na kuyeyuka usiku kucha. Chanjo hizi zina chumvi za alumini. Zikiganda mara moja zimekwisha, na ukizitazama haraka hazikuonyeshi. Kile kibandiko cha kwenye kichupa, cha mraba ndani ya duara, mlichofundishwa kinasoma joto tu, hakisemi lolote kuhusu kuganda.

Kwa hiyo: jokofu la chanjo lisiwe la jikoni. Lifungwe kwa mikanda kwenye ukuta wa meli, mlango uwe na komeo, nafasi tupu zijazwe chupa za maji ili baridi isipande na kushuka ovyo, na visanduku visiguse kuta. Kipimajoto kiwe cha kutunza kumbukumbu, kisomwe mara mbili kwa siku. Na muombe mtu wa umeme awaambie kila meli inapohama kutoka umeme wa gati kwenda umeme wake. Huo mkatiko mdogo ambao hauzimi hata redio unaweza kuzima jokofu lisiwake tena mpaka mtu abonyeze swichi. Mimi niliwahi kuligundua hilo baada ya muda wa saa tisa. Tulitupa shehena nzima, nikaandika taarifa kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu siku hiyo wakati wa kuondoka bandarini huwa sisimami sitahani kupunga mkono. Nasimama mbele ya jokofu.

Siku yenyewe ya sindano si ngumu. Tumieni bwalo, siyo zahanati, kwa sababu zahanati ina mlango mmoja na foleni inakwama. Waingilie mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Kichupa cha dozi kumi cha chanjo kama ya surua kikishafunguliwa kina saa chache tu, mara nyingi sita, kwa hiyo msifungue kipya kabla ya kuona watu kumi, na muwe na majina ya akiba ya kuita kwa kipaza sauti cha meli. Bahari ikichafuka, fungeni meza. Sindano kwenye meli inayolala upande itamchoma mchomaji.

Baada ya sindano, dakika 15 za kukaa. Hapa mtabishiwa. Nilikuwa na askari mmoja mwenye shingo kama nguzo ya gati, aliyecheka akasema yeye hana muda wa kukaa kama mgonjwa. Nilimwacha aende. Alifika ngazi ya tatu, magoti yakalegea, akashuka zile ngazi za chuma kwa mgongo. Chanjo haikumdhuru, alizimia tu, kama wanavyozimia vijana wengi wenye nguvu wakiona sindano. Ngazi ndiyo iliyompasua kisogo. Tangu hapo mlango wa kutokea kwenye bwalo langu husimama mtu mwenye saa mkononi, na silaha zote huachwa nje. Mzio mkali wenyewe ni nadra sana, kama mtu mmoja kwa dozi milioni. Lakini hospitali iko saa nyingi kwa helikopta, basi adrenalini iwe juu ya meza, siyo kabatini: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, mara moja, na dozi ya pili iwe tayari imeandaliwa.

Niliahidi kurudi kwa wale watoto wa Balmis. Ninyi mtafanya kazi mahali ambapo watu wamezoea kutii. Baadhi ya chanjo ni za lazima kwa kanuni za jeshi lenu, na sina ugomvi na hilo. Lakini amri humleta mtu mezani. Haimfanyi aseme ukweli akifika hapo. Nawe unahitaji ukweli. Unamuuliza baharia wa kike, mbele ya foleni ya wanaume thelathini wanaotega masikio, kama ana ujauzito, maana chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela haichomwi kwa mjamzito. Mnategemea ajibu nini? Unamuuliza kijana kama anatumia dawa zinazoshusha kinga, na nyuma yake kasimama bosi wake. Atasema hapana, kisha utamchoma virusi hai. Maswali yaulizwe chumbani, mlango umefungwa, siku moja kabla, na kila mtu aingie chumbani hata kama hana la kusema, ili anayekaa sana asijulikane. Mwenye wasiwasi apewe jibu papo hapo. Ukimficha kwamba kesho mkono utauma, kesho jioni meli nzima itajua kwamba tabibu ni mwongo. Na kamanda awe wa kwanza kukunja mkono wa shati, mchana kweupe, bwaloni. Nimeona hilo likifanya kazi kuliko mabango yote niliyowahi kubandika.

Kuna vifaa vilivyowahi kuahidi kuondoa usumbufu wote huu. Jeshi la Marekani kwa miongo mingi lilitumia bunduki ya chanjo, kifaa cha kupenyeza dawa ngozini kwa shinikizo bila sindano, watu wakipita katikati ya wachanjaji wawili bila kusimama. Mwaka 1997 iliwekwa kando, kwa sababu mdomo wake ungeweza kubeba damu ya mtu mmoja hadi kwa anayefuata. Inatamanisha, naelewa.

Andikeni namba ya toleo la kila kichupa, yaani ya kundi lililotengenezwa pamoja, mbele ya kila jina. Najua inachosha. Mwaka 1942 askari wa Marekani walianza kuugua manjano, yaani macho na ngozi kugeuka rangi, kwa maelfu. Waliougua wakajulikana walikuwa kama 50,000. Chanzo kilikuwa chanjo ya homa ya manjano iliyotengenezwa kwa kutumia majimaji ya damu ya binadamu, na baadhi ya damu hiyo ilikuwa na virusi vya homa ya ini B. Kilichowaongoza wachunguzi ni namba za matoleo: waliougua walirudi kwenye matoleo fulani na siyo mengine. Fikirieni daftari lililoandikwa "amechanjwa" na tiki. Lingewaambia nini?

Nimalizie na jambo ambalo makamanda hawapendi kulisikia. Februari 1996 mafua yaliingia USS Arkansas. Asilimia 95 ya wafanyakazi walikuwa wamechanjwa ipasavyo, na asilimia 42 waliugua, kwa kuwa virusi vilivyoingia vilikuwa vimebadilika na havikufanana na vile vya kwenye chanjo. Februari 2014, kwenye USS Ardent, meli ya kutegua mabomu ya baharini iliyokuwa San Diego, watu 25 kati ya 102 walikwenda kutibiwa ndani ya siku tatu. Asilimia 99 walikuwa wamechanjwa. Mwanzoni mwa 2019 USS Fort McHenry, iliyokuwa na watu kama 700, ilikaa baharini zaidi ya miezi miwili bila kuingia bandarini kwa sababu ya uvimbe wa mashavu kama wa matumbwitumbwi, na wote melini wakapewa dozi nyongeza hapo hapo majini.

Sikutaja hizi ili muishuku chanjo. Natumia meli hizi ninapoomba vitanda vitatu vya kutengea wagonjwa, kwa sababu jibu ninalopewa kila mara ni kwamba tumeshachanja wote, vitanda vya nini. Ombeni vitanda hivyo siku ile ile mnayoomba zile siku nne, kwenye karatasi ile ile. Ukiviomba baada ya kukohoa kuanza, vimeshalaliwa.

Basi. Kabla ya maswali, geukeni meza ya nyuma. Vichupa vile viwili ni vya pepopunda, toleo moja, na muda wake wa kutumika umepita kwa hiyo havina kazi nyingine. Kimoja nilikigandisha usiku wa juzi, kikayeyuka asubuhi. Kingine hakijawahi kuganda. Nimeviondolea alama za kuvitofautisha. Njooni wawili wawili, vishikeni vyote kwa mkono mmoja, vitikiseni pamoja, viwekeni mezani mtazame mashapo yanavyoshuka. Kinachotuama haraka, kikaacha maji maangavu juu, ndicho kilichoganda. Msiambiane. Kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi, pamoja na jina lake na namba ya toleo.